Je, Wajua? Elektroni Pweke, Kuanzia Menengai Hadi Mdomoni Mwako

Je, wajua kwamba kati ya elementi 20 za kwanza, zile anazokariri kila mwanafunzi wa Kidato cha Pili kuanzia Molo hadi Naivasha, ni sita tu ambazo elektroni zake zote zina wenzi? Ni heliamu, berili, neoni, magnesiamu, argoni na kalsiamu. Kumi na nne zilizobaki zina angalau elektroni moja isiyo na jozi. Nane zina moja moja, nne zina mbili mbili, na naitrojeni na fosforasi pekee ndizo zenye tatu. Hakuna inayofika nne. Elektroni isiyo na mwenza tutaiita pweke, maana jina refu litatuchosha kabla hatujafika Gilgil.

Wajua kwamba mpangilio wa 2.6 au 2.8.5, ule wa mtihani wa KCSE, haukuambii pweke ni ngapi? Mwanafunzi akisoma kwamba oksijeni ni 2.6 atagawa sita kwa mbili, apate jozi tatu, aandike kwamba hakuna pweke. Atakosa, kwa sababu zipo mbili. Lawama si yake. Mfumo huo huhesabu elektroni za ganda zima kwa jumla, na ganda limegawanyika ndani yake kuwa obitali. Wenzake wa Uganda na Tanzania hukutana na herufi s, p, d na f wakifika Kidato cha Tano. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 alisubiri mpaka mwaka wa kwanza wa chuo, iwe Egerton kule Njoro au kwingineko. Kwa maoni yangu alicheleweshwa bure, kwani hesabu yenyewe haimalizi dakika.

Hesabu ni hii. Obitali moja hubeba elektroni mbili, haizidi. Kundi la s lina obitali moja, p lina tatu, d lina tano, f lina saba. Zinajazwa kuanzia yenye nishati ndogo: 1s, 2s, 2p, 3s, 3p, 4s, ndipo 3d. Ukifika kwenye p, d au f, kumbuka siku ya kwanza ya Kidato cha Kwanza: darasa zima la wageni, madawati ya wawili wawili. Kila anayeingia hutafuta dawati tupu, na hakuna anayejibanza kwa mwenzake mpaka madawati yaishe. Elektroni, zikiwa zote na chaji hasi, hukaa hivyo hivyo. Naitrojeni inaishia 2p³: obitali tatu, elektroni tatu, kila moja na yake, pweke tatu. Oksijeni inaishia 2p⁴: ya nne imekosa nafasi tupu, imejiunga na mojawapo; pweke mbili. Florini, 2p⁵, pweke moja. Neoni, 2p⁶, hakuna.

Aliyeitoa kanuni hiyo ni Mjerumani Friedrich Hund, mwaka 1925. Mwaka huo huo Wolfgang Pauli alitoa ile ya pili: elektroni mbili zikikaa obitali moja, lazima spini zao zipingane, moja juu na nyingine chini. Pauli alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Hund hakuipata kamwe, ila alijaliwa umri: alizaliwa 1896 akafariki 1997, miaka 101.

Njia ya mkato? Kundi likiwa halijavuka nusu, pweke ni sawa na idadi ya elektroni zilizomo. Likivuka nusu, toa idadi hiyo kwenye nafasi zote. d³ ni pweke tatu. d⁷ ni kumi toa saba, tatu tena. Na atomi yoyote yenye elektroni za idadi witiri lazima iwe na pweke, hata kabla hujaandika chochote. Ya idadi shufwa ndiyo ya kuchunguzwa.

Wajua kwamba ile harufu ya mayai yaliyooza inayokupokea Olkaria ni pweke zilizopata wenzi? Salfa inaishia 3p⁴, pweke mbili. Haidrojeni ina 1s¹, pweke moja. Ili salfa itulie inahitaji haidrojeni mbili, na hivyo ndivyo inavyopatikana H₂S, gesi inayopanda pamoja na mvuke wa jotoardhi unaozungusha mitambo ya umeme pale tangu 1981. Kwa hesabu hiyo hiyo naitrojeni yenye pweke tatu hushika haidrojeni tatu, ikawa amonia, NH₃. Anayejua pweke hahitaji kukariri fomula hizo.

Kaboni ndiyo inayoharibu sherehe. Ina pweke mbili, 2p², na bado katika biogesi ya mavi ya ng'ombe imeshika haidrojeni nne, CH₄. Inachofanya ni kutoa elektroni moja kwenye jozi ya 2s na kuisogeza kwenye obitali tupu ya 2p. Pweke zinakuwa nne, na vifungo vinne vinalipa gharama ya usumbufu huo. Kwa hiyo mpangilio wa elektroni unaeleza atomi iliyo peke yake. Ikishika mwenzake, hesabu upya. Weka hilo akilini, kwa sababu mengi ya yanayofuata yanatokana nalo.

Turudi Olkaria kidogo. Ukivaa pete ya fedha mahali penye H₂S, itaanza kuwa nyeusi, kwa kuwa fedha na salfa hufanya salfaidi ya fedha. Tukio hilo hilo linatajwa katika simulizi ya jaribio maarufu kuliko yote kuhusu pweke. Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha mkondo mwembamba wa atomi za fedha katikati ya sumaku, zikatua kwenye kipande cha kioo. Inasimuliwa kwamba mwanzoni hawakuona chochote, mpaka moshi wa sigara za bei nafuu za Stern, uliojaa salfa, ulipoigusa ile fedha na kuifanya nyeusi. Mkondo mmoja ulikuwa umegawanyika kuwa miwili. Fedha ina elektroni 47. 46 zimeoana zikafutana, na moja ya 5s¹ imebaki pweke. Hiyo moja ndiyo iliyovutwa ama huku ama kule, bila katikati. Cha kushangaza ni kwamba walifanya hayo miaka mitatu kabla ya mtu yeyote kuipa spini jina.

Je, wajua kwamba kiwango kikubwa kuliko vyote vya floraidi ya asili kilichowahi kurekodiwa katika maji kilipatikana Ziwa Nakuru? Shirika la Afya Duniani, WHO, limekitaja katika kitabu chake kuhusu floraidi katika maji ya kunywa: miligramu 2,800 kwa lita. Kikomo ambacho shirika hilo linapendekeza kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5. Hakuna anayekunywa maji ya ziwa lile, lakini floraidi iliyomo humo imetoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, na maji ya visima vingi vya eneo hili yanapita kwenye miamba hiyo hiyo. Ndiyo maana madoa ya kahawia kwenye meno ya watu wa Nakuru, Naivasha au Gilgil si jambo la kumshangaza mtu hapa, na wengi husingiziwa kwamba hawapigi mswaki.

Sasa tazama pweke. Atomi ya florini ina moja tu, 2p⁵, nayo ina uchu wa mwenza kuliko elementi nyingine yoyote. Gesi ya florini huunguza karibu kila kitu inachokutana nacho. Ikishanyakua elektroni inakuwa ayoni ya floraidi, 2p⁶, sawasawa na neoni, pweke sifuri. Uchu umekwisha. Ayoni hiyo huyeyuka majini, haina rangi, haina harufu, na kwa sababu haitafuti tena mwenza haibadiliki ukichemsha maji. Tena kuchemsha kunazidisha mambo: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote sufuriani. Mama anayechemsha maji ya kisima kwa nusu saa zaidi ili kumkinga mtoto na floraidi anapoteza kuni zake na kumuongezea mtoto kile alichotaka kukiondoa.

Kinachofaa ni mifupa. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru, ikishirikiana na Eawag, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa maji, ilieneza hapa vichujio vya makaa ya mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, husagwa chengachenga, na maji hupitishwa humo. Madini ya mfupa yana kalsiamu, fosfati na haidroksili. Floraidi inalingana na haidroksili kwa chaji na inakaribiana nayo kwa ukubwa, basi inaingia mahali pake na kukwama pale. Jambo hilo hilo hutokea ndani ya jino la mtoto linapojijenga. Kichujio kinafanya kwa makusudi, na mapema, kile ambacho jino lingefanyiwa. Makaa yakijaa floraidi lazima yabadilishwe, na hapo ndipo familia nyingi husahau, maana maji yaliyochujwa na yasiyochujwa yana ladha ile ile.

Magadi unayotia kwenye maharage? Atomi ya sodiamu ina pweke moja, 3s¹, lakini sodiamu iliyo ndani ya magadi imeshaitoa. Sifuri.

Wajua kwamba hewa unayovuta ina sumaku kidogo? Oksijeni yenyewe, O₂, inabaki na pweke mbili hata baada ya atomi mbili kushikana. Ukichora vifungo kwa nukta kama darasani utapata jozi tupu, na mchoro utakuwa umekudanganya. Michael Faraday aligundua katika miaka ya 1840 kwamba oksijeni huvutwa na sumaku. Maelezo kamili yalikuja 1929, pale John Lennard-Jones alipozihesabu elektroni kwa obitali za molekuli nzima na kuziacha zile za atomi moja moja: elektroni mbili za mwisho zinakuta obitali mbili zenye nishati sawa, na kila moja inachukua yake, kanuni ya Hund ile ile. Oksijeni ikipozwa mpaka iwe kimiminika huwa ya buluu hafifu, na ukiimimina kati ya ncha za sumaku yenye nguvu inaning'inia pale. Naitrojeni ya kimiminika inapita moja kwa moja hadi sakafuni.

Hilo lina kazi hospitalini. Vipo vipimo vya oksijeni vinavyotumia mvuto huo wa sumaku kujua kiasi cha oksijeni kwenye mchanganyiko wa gesi, na cha kwanza cha aina hiyo kilibuniwa na Linus Pauling mwaka 1940. Naitrojeni haimsumbui mpimaji, haina pweke.

Na kwa nini kuni zilizorundikwa nyuma ya jiko haziwaki zenyewe, ilhali zimezungukwa na oksijeni usiku na mchana? Sehemu ya jibu ni zile pweke mbili. Spini zake zinaelekea upande mmoja, na molekuli za mbao zina jozi zilizopingana. Haziwezi kuungana moja kwa moja bila spini mojawapo kugeuka, na hilo ni gumu kwa joto la kawaida. Kiberiti kinavunja vifungo, kinazalisha vipande vyenye pweke zake, ndipo moto unakimbia. Msitu wa Menengai una deni kwa Hund.

Damu je? Kila himoglobini ina chuma, na huko mitaani zinauzwa bangili za sumaku zinazodaiwa kuvuta damu ikimbie vizuri. Faraday alijaribu damu iliyokauka mwaka 1845 akakuta haivutwi. Mwaka 1936 Pauling na Charles Coryell walipima kwa makini zaidi: chuma cha himoglobini isiyo na oksijeni kina pweke nne, na ikishabeba oksijeni, pweke zinakuwa sifuri. Damu inayotoka mapafuni, basi, ndiyo kabisa isiyoijali bangili yako, na damu kwa jumla imejaa maji, ambayo sumaku huyasukuma kidogo sana badala ya kuyavuta. Nunua bangili kwa uzuri wake. Tofauti ile ya sifuri na nne, hata hivyo, si ya kuchezea. Tangu Seiji Ogawa alipoionyesha mwaka 1990, mashine za MRI huitumia kuona ni sehemu gani ya ubongo inayotumia oksijeni wakati mtu anafikiri.

Tuingie kwenye d, kwenye raha yenyewe. Kuanzia skandi hadi zinki pweke zinakwenda hivi: 1, 2, 3, 6, 5, 4, 3, 2, 1, 0. Umeona pale zinaporuka kutoka tatu hadi sita? Ni kromiamu. Ungetarajia 3d⁴ 4s², pweke nne. Inachukua elektroni moja kutoka 4s ili 3d iwe na tano, 3d⁵ 4s¹, na zote sita zinakuwa pweke. Shaba nayo hufanya hila hiyo, 3d¹⁰ 4s¹. Walimu hupenda kutega mtihani hapo, na mwanafunzi aliyekariri mfululizo huo wa namba kumi hategeki.

Mtego mwingine ni wa ayoni. Chuma ni 3d⁶ 4s². Kikipoteza elektroni mbili, wengi hutoa kwenye 3d kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa mwisho wakati wa kujaza. Kosa! Hutoka za 4s kwanza. Fe²⁺ ni 3d⁶, pweke nne. Fe³⁺ ni 3d⁵, pweke tano, na ndiyo iliyo kwenye kutu ya mabati na kwenye udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu.

Mkulima wa viazi wa Molo au Mau Narok anaponyunyizia mankozebu kuzuia ukungu unaokausha majani, pampu aliyobeba mgongoni ina ncha mbili za hesabu hii. Dawa hiyo ina manganisi na zinki. Mn²⁺ ni 3d⁵, pweke tano, nyingi kuliko ayoni nyingine yoyote ya hali mbili chanya katika mstari ule. Zn²⁺ ni 3d¹⁰, sifuri.

Mrututu una pweke moja, Cu²⁺, 3d⁹. Ile buluu yake inatokana na nafasi hiyo moja iliyobaki kwenye d: mwanga mwekundu humezwa kuirusha elektroni, na jicho linabakiwa na buluu. Salfeti ya zinki, isiyo na nafasi yoyote kwenye d, ni nyeupe. Ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa chumvi ya kromiamu hutoka ikiwa na rangi ya buluu iliyopauka kabla haijapakwa rangi ya kiatu. Cr³⁺, 3d³, pweke tatu.

Lakini usidhani kila rangi ina pweke nyuma yake. Heroe wa Ziwa Nakuru, flamingo kama wengi wanavyomwita, hupata waridi lake kutokana na karotenoidi zilizomo kwenye spirulina anayoichuja majini. Karotenoidi haina pweke hata moja. Ina mnyororo mrefu wa vifungo viwili kwa kimoja, na elektroni zilizooana humo husafiri mbali kiasi cha kumeza mwanga wa buluu.

Wajua kwa nini mnunuzi wa vyuma chakavu hutembea na sumaku mfukoni? Kinachonata ni chuma, bei ya chini. Shaba hainati. Mwenye kuhesabu atauliza: shaba si ina pweke moja, 4s¹? Ndiyo, atomi ikiwa peke yake. Katika waya, elektroni za 4s za atomi zote zimeingia kwenye bahari moja na kuoana humo. Shaba ya waya husukumwa na sumaku, kidogo mno, mkono hauwezi kuhisi. Aluminiamu, 3p¹, huvutwa, nayo kidogo mno. Ndiyo sababu aliyenunua jiko la induksheni kisha akalitandikia sufuria ya kawaida ya aluminiamu hurudi dukani akidai jiko ni bovu. Majiko mengi ya aina hiyo yanataka chombo ambacho sumaku inakishika.

Chuma, kobalti na nikeli ndizo metali za kawaida ambazo pweke zake hukubaliana kuelekea upande mmoja kwa mamilioni, bila kulazimishwa. Wasagaji wa unga hulijua hilo kwa njia yao: nafaka hupitishwa kwenye sumaku kabla ya kusagwa ili msumari au kipande cha bolti kisifike kwenye mashine. Halafu chuma kinarudishwa! Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe madini ya chuma na zinki pamoja na vitamini. Chuma hicho kiko katika hali ya ayoni, na pweke zake tano kwa kila Fe³⁺ zimetawanyika mno kuweza kunata popote.

Volkano za Bonde la Ufa nazo zimetunza kumbukumbu kwa pweke. Katika lava mna magnetiti, Fe₃O₄, yenye Fe³⁺ mbili na Fe²⁺ moja. Hesabu ya haraka inatoa 5 + 5 + 4, pweke 14. Sumaku inayopimwa ni ya pweke nne hivi. Zile Fe³⁺ mbili zimekaa mahali pa aina mbili ndani ya fuwele, zikielekea pande zinazopingana, zikafutana. Zinabaki nne za Fe²⁺. Lava ikipoa chini ya nyuzijoto 580 hivi, mwelekeo wa sumaku ya dunia wakati huo unagandishwa ndani ya mwamba. Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba kaskazini na kusini ya sumaku zimewahi kubadilishana mahali mara nyingi. Kipindi kimoja, takriban miaka milioni 1.9 hadi 1.8 iliyopita, kinaitwa na wanajiolojia wa dunia nzima kwa jina la Olduvai, kwa kuwa kilitambuliwa kwenye miamba ya bonde hilo la Tanzania.

Na umri wenyewe ulipatikanaje? Kwa gesi isiyo na pweke. Potasiamu, 4s¹, imo tele kwenye miamba ya volkano, na sehemu ndogo yake, potasiamu-40, huoza polepole, nusu yake katika miaka bilioni 1.25. Takriban sehemu moja kati ya kumi ya inayooza huwa argoni. Argoni, 3p⁶, haina pweke, haishiki mtu. Lava ikiwa bado uji, argoni yote huponyoka na saa inaanzia sifuri. Ikishaganda, argoni inayozaliwa humo inakwama. Pima iliyokwama, pima potasiamu iliyobaki, piga hesabu. Mwaka 1961 njia hiyo iliwapa Louis Leakey na wenzake, Jack Evernden na Garniss Curtis, miaka milioni 1.75 kwa fuvu la Zinjanthropus la Olduvai, karibu mara tatu ya ilivyodhaniwa. Leakey huyo ndiye aliyekuwa amechimba Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako mashoka ya mkono ya obsidiani bado yanaonekana yametapakaa ardhini.

Upesi upesi, za mwisho. Ukiwa na pweke n, nguvu ya sumaku ya ayoni hukadiriwa kwa kipeuo cha pili cha n(n+2): pweke moja hutoa 1.73, mbili 2.83, tatu 3.87, nne 4.90, tano 5.92. Naitriki oksaidi, NO, ina elektroni 15, witiri, kwa hiyo ina pweke daima. Mwili wako huitumia kulegeza mishipa ya damu, na ugunduzi huo ulipata Nobel mwaka 1998. Spika ndogo za simu yako zina sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni. Atomi ya neodimiamu ina pweke nne, zote za 4f.

Mfalme wa ayoni hizi ni gadolini, Gd³⁺, 4f⁷, pweke saba, moja kwa kila obitali ya f. Huchanganywa katika dawa anayodungwa mgonjwa kabla ya MRI ili uvimbe uonekane vizuri zaidi. Gadolini ikiwa metali hunata kwa sumaku kama chuma, ila nguvu hiyo huisha ikifika nyuzijoto 20 hivi. Lete kipande Nakuru: alfajiri, baridi ya Menengai ikiwa imeshuka, kitanata, saa nane mchana, jua likiwa limewaka, kitaanguka. Mombasa, ambako hata usiku joto kwa kawaida haliko chini ya hapo, hakitanata mchana wala usiku.